Nissan Leaf ya mtumba nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Leaf zilizotumika Japani kisha zikaletwa Kenya. Mengi yanafaa kwa gari lolote la umeme, isipokuwa yale ya betri: Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji wala kwa feni, hivyo joto huiumiza kuliko linavyoumiza magari mengine. Kila palipoandikwa kWh, elewa ni uniti ile ile unayonunua kwa tokeni.

Ninunue toleo gani?

Toleo la kwanza lilikuwa na betri ya kWh 24, na baadaye likaongezwa la kWh 30. Toleo la pili, lililoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017, lina kWh 40, na mwaka 2019 likaja la e+ lenye kWh 62. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, anayeagiza sasa ataangukia toleo la pili. Zile za kWh 24 ni zilizokwisha kuingia nchini na zinazunguka mikononi mwa watu. Zina bei nzuri, ila nyingi zimechoka. Ikiwa safari yako ya siku ni Rongai hadi mjini na kurudi, ya kWh 24 yenye afya ya asilimia 70 bado itakufaa. Zaidi ya hapo, tafuta ya kWh 40 na usijaribu kubana.

Nitajuaje kama betri ni nzima?

Anza na vistari 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi. Hivyo havionyeshi chaji iliyobaki, vinaonyesha uwezo uliobaki. Kistari cha kwanza hupotea betri inaposhuka hadi karibu asilimia 85, na kila kinachofuata ni takriban asilimia 6. Kwa hiyo vistari 10 ni betri iliyo kati ya asilimia 72 na 79, na vistari 8 ni kati ya 60 na 66.

Vistari pekee havitoshi. Nunua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la OBD (la kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, kisha weka programu ya LeafSpy kwenye simu. Tazama mambo manne:

- SOH, yaani asilimia ya afya ya betri.
- Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Betri mpya ya kWh 24 huwa na takriban 65, na ya kWh 40 takriban 115. Namba hii haibishani na vistari ikiwa hakuna aliyeichezea.
- Tofauti ya volti kati ya seli. Betri ina jozi 96 za seli zilizofuatana. Chini ya milivolti 30 gari likiwa limetulia ni vizuri.
- Idadi ya mara lilivyochajiwa kwa kasi. Nyingi mno si sababu ya kulikataa gari, lakini ni sababu ya kuomba bei ishuke.

Ukiagiza kutoka Japani huwezi kuchomeka kifaa chako. Mwombe muuzaji picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, ionekane READY, asilimia ya chaji, vistari vyote na kilomita katika picha moja. Asiyetaka kupiga picha hiyo, achana naye. Na dhamana ya Nissan ya Japani ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri ya kWh 40 haikufuati hadi Mombasa, hata muuzaji akisema nini.

Gari ni la zamani lakini vistari vyote 12 vipo. Niamini?

La. Kompyuta ya betri inaweza kurudishwa mwanzo kwa vifaa vya gereji, na vistari vyote vikarudi siku hiyo hiyo. Uongo huo haudumu: baada ya wiki kadhaa za kuchaji na kutumia, kompyuta hupima upya na vistari huanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Wakati huo muuzaji ameshabadilisha laini.

Kipimo kisichodanganyika ni barabara. Chaji hadi 100, weka mita ya safari kwenye sifuri, endesha kwa mwendo wa wastani hadi ibaki asilimia 30, kisha piga hesabu. Betri nzima ya kWh 40 itakuwa imekupa si chini ya kilomita 150 kwa mwendo wa mjini. Ikikupa 100, unajua ulicholetewa. Muuzaji halali hakatai kukuachia gari nusu siku ukilipia chaji.

Kuna jambo la upande wa pili: Leaf za kWh 30 zilikuwa na hitilafu ya programu iliyofanya zionyeshe betri imechoka kuliko ilivyo, na Nissan ilitoa marekebisho mwaka 2018. Ukikuta ya aina hiyo yenye vistari vichache na bei ya chini, ipime barabarani kabla ya kuidharau.

Naweza kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani?

Ndiyo, kwa ampea 10 na si zaidi. Plagi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini haikuundwa kubeba ampea 13 saa kumi mfululizo kila usiku. Inapoharibika huanza taratibu: plastiki inakuwa kahawia karibu na pini, harufu ya kuungua, kisha pini inalegea, joto linaongezeka zaidi. Gusa plagi baada ya saa moja ya kuchaji. Ikiwa huwezi kuishika kwa raha, zima na ubadilishe soketi, usisubiri.

Ampea 10 kwa volti 240 ni kW 2.4. Kutoka asilimia 20 hadi 80 kwenye betri ya kWh 40 ni kWh 24, na ukiongeza zinazopotea njiani utahitaji kama saa 11. Kwa watu wengi inatosha, kwa sababu hakuna anayemaliza betri nzima kila siku.

Ukitaka kufanya kazi ya kudumu, mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake pekee kutoka kwenye kisanduku cha breka: waya wa milimita mraba 4, breka ya ampea 20, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30 aina ya A, na chaja ya ukutani ya ampea 16 iliyofungwa moja kwa moja bila plagi. Ikiwa gari liko mbali na kisanduku, tuseme zaidi ya mita 25, panda hadi milimita mraba 6. Usinunue chaja ya ampea 32 kabla ya kujua gari lako linapokea kiasi gani. Leaf nyingi za Japani hupokea takriban kW 3 tu, hata toleo la pili, kwa kuwa kW 6 ilikuwa nyongeza ya kulipia. Chaja kubwa haitaongeza kasi hata dakika moja.

Waya wa kurefusha uliozungushwa kwenye gurudumu lake usitumike kabisa. Ukiwa umezungushwa, joto halina pa kutokea.

Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani je?

Hapa ndipo soketi nyingi zinapoungulia. Kebo ya Japani ya volti 200 huruhusu gari kuvuta karibu ampea 15. Mafundi hukata plagi yake na kufunga pini tatu ya ampea 13, na hapo unakuwa na kifaa kinachovuta zaidi ya kiwango cha plagi usiku kucha. Tena haikupimwa kwa volti 240 zetu. Nunua kebo ya aina ya Type 1 iliyotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, yenye kitufe cha kuchagua ampea 8, 10, 13 au 16, na uiache kwenye 10.

Pia kumbuka tundu la Leaf ya Japani ni Type 1, wakati chaja nyingi za ukutani za madukani na hotelini ni Type 2. Beba adapta.

Chaja inawaka taa nyekundu na haichaji. Gari limeharibika?

Mara nyingi tatizo ni nyumba. Chaja hukagua waya wa ardhi kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba nyingi zina waya huo ukutani tu: haujafika kwenye nguzo yoyote iliyozikwa. Jokofu na televisheni havijali, chaja inajali. Chukua maltimita: kati ya waya wa moto (unaoleta umeme) na ardhi unapaswa kupata karibu volti 240, na kati ya nyutro na ardhi volti chache tu. Ukipata 90 au 120 kati ya moto na ardhi, ardhi hakuna. Suluhisho ni kuzika nguzo ya shaba, si kununua ile adapta inayodanganya chaja. Bila ardhi, hitilafu yoyote ndani ya gari itaishia kwenye bodi, na wewe ndiye utakayeshika mlango ukiwa umesimama kwenye matope.

Sababu nyingine: moto na nyutro vimegeuzwa kwenye soketi, au volti zimeshuka sana jioni watu wote wakipika. Kwa hili la pili, sogeza saa ya kuchaji hadi baada ya saa tano usiku.

Kidude cha kulinda jokofu dhidi ya volti mbaya kisitumike kwa gari. Vingi haviwezi mzigo huu. Funga kinga ya volti ya ampea 40 ndani ya kisanduku cha breka.

Naishi kwenye fleti. Mwenye nyumba atakubali?

Hofu yake ni mbili: bili na moto. Mpelekee majibu ya zote kwa maandishi. Kwa bili, pendekeza mita ndogo kwenye laini yako ya maegesho, isomwe kila mwisho wa mwezi. Kwa moto, mpe mchoro wa fundi na cheti cha kazi. Ikiwa maegesho yanatumia umeme wa taa za ngazi, usichomeke hapo kimyakimya. Majirani wataona, na mlango huo utafungwa kwa kila atakayekuja na gari la umeme baada yako.

Itanigharimu kiasi gani kwa mwezi?

Leaf hutumia takriban kWh 15 kwa kilomita 100. Kilomita 1,000 kwa mwezi ni kWh 150 kwenye betri, lakini mita yako itasoma kama 170 kwa sababu ya upotevu wakati wa kuchaji. Uniti ikikufikia kwa shilingi 30 kodi zote ndani, hiyo ni shilingi 5,100. Gari la petroli la kilomita 12 kwa lita, petroli ikiwa shilingi 180, litataka shilingi 15,000.

Wengi husahau jambo moja: bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi, hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100, ikitegemea wastani wa matumizi yako. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 80 itapanda ngazi ya juu gari likiingia, na hata uniti za taa na televisheni zitapanda bei.

Na kuchaji usiku hakupunguzi chochote kwenye mita ya kawaida ya nyumbani. Bei nafuu ya usiku ipo kwenye mpango wa Kenya Power wa magari ya umeme ulioanza mwaka 2023 kwa karibu shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Unahitaji mita ya pekee. Kwa gari moja, gharama ya kuiunganisha huchukua muda mrefu kurudi. Kwa teksi mbili au tatu katika uwanja mmoja, omba leo.

Stima ikipotea usiku?

Hakuna kinachoharibika. Umeme ukirudi, chaja nyingi huendelea zenyewe. Ila ikiwa umeweka saa ya kuchaji kwenye gari na muda wake umepita, gari litabaki kimya hadi asubuhi. Mahali penye kukatika mara kwa mara, usitumie saa hiyo.

Sola au jenereta?

Sola inawezekana ikiwa gari linashinda nyumbani mchana. Weka kebo kwenye ampea 8, karibu kW 2, ili inveta ya kW 5 ibaki na nafasi ya vingine. Kuchaji gari usiku kutoka kwenye betri za nyumba ni kuhamisha umeme wa bei ghali kutoka betri hadi betri. Jenereta ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi, chaja itaikataa.

Itanifikisha wapi?

Chukua ya kWh 40 yenye afya ya asilimia 85. Zinazotumika kweli ni karibu kWh 31. Mjini utapata kilomita 200 hivi. Ukikimbia 110 kwenye barabara kuu, zinashuka hadi 160. Foleni, kinyume na watu wanavyodhani, si adui: saa nzima umesimama na AC inawaka ni kWh 1 au pungufu.

Adui ni mlima na mwendo. Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160, na kupanda kwenda Limuru na mbele yake kunakula kWh 3 hadi 4 za ziada, ambazo unarudishiwa sehemu yake ukishuka kuelekea Naivasha. Inawezekana kwa mwendo wa 80 hadi 90, lakini panga kusimama Naivasha.

Mombasa ni kilomita 480 na ni habari nyingine. Kushuka ni rahisi kuliko kurudi: kulinyanyua gari lenye abiria kutoka baharini hadi mita 1,700 kunahitaji karibu kWh 9, sawa na kilomita 50 au 60 za tambarare. Kabla ya kuondoka piga simu kila kituo, uulize maswali mawili: kinafanya kazi leo, na kina CHAdeMO, yaani plagi ya kuchaji kwa kasi inayoingia kwenye Leaf? Vituo vipya vingi vinafunga CCS2 na GB/T, ambazo haziingii kwenye Leaf.

Anayeishi juu, kama Limuru au Ngong, asijaze hadi 100 asubuhi. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme ambao gari huzalisha likishuka mteremko, hivyo gari halivuti nyuma ukiachia pedeli na kazi yote inabaki kwa breki.

Kuchaji kwa kasi kunaua betri?

Mara moja kwa wiki, hapana. Tatizo ni kuchaji kwa kasi mara mbili tatu katika safari moja. Betri inapanda joto, haina cha kuipoza, na mara ya pili au ya tatu gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji hadi nusu au chini. Dakika 40 zinakuwa 80. Kati ya vituo endesha 80, na acha kuchaji ikifika asilimia 80, maana baada ya hapo huenda polepole sana.

Na joto la Pwani?

Ndilo linaloitofautisha Leaf ya Mombasa na ya Nairobi yenye umri ule ule. Egesha kivulini, chaji alfajiri badala ya jioni ukitoka tu barabarani, na usiiache juani ikiwa imejaa siku nzima. Kwa matumizi ya kila siku, kati ya asilimia 20 na 80. Ukisafiri na kuliacha mwezi mzima, liache kwenye 50.

Mvua?

Kuchaji mvuani ni salama, kebo ikiwa nzima na kisanduku chake kikiwa kimening'inizwa, si kulazwa kwenye dimbwi. Barabara iliyofurika ni jambo jingine. Betri imezibwa, lakini maji yanayotembea hayaangalii gari ni la nini, yanalibeba tu. Gari likizama, usilichaji wala kuliwasha. Kama ni maji ya bahari, liwekwe mbali na nyumba hadi likaguliwe.

Betri kubwa imejaa lakini gari haliwaki.

Ni ile betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikidhoofika, dashibodi huwaka taa za kila aina na fundi asiyejua huanza kuuza kompyuta. Pima gari likiwa limelala: chini ya volti 12.2 inahitaji kuchajiwa, na isiposhika, badilisha. Saizi ni B24, dukani huitwa NS60. Angalia upande wa vichwa kabla ya kulipa. Unaweza kuiamsha kwa waya kutoka gari lingine, lakini usitumie Leaf kuamsha gari la petroli.

Sevisi ni nini hasa?

Kidogo: kichujio cha hewa ya ndani, mafuta ya breki kila miaka miwili, maji ya kupoza inveta, oili ya gia (Nissan Matic S) ukitaka kuwa mwangalifu. Mpira wa sasipenshoni huchoka mapema kwa matuta yetu, maana gari ni zito. Diski za breki huota kutu kwa kutotumika. Mara moja kwa wiki, weka gia kwenye N pasipo na magari na ufunge breki kwa nguvu kidogo.

AC ndiyo inayohitaji onyo. Kompresa yake inaendeshwa na umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina ya POE isiyopitisha umeme. Fundi wa barabarani akiongeza gesi pamoja na oili ya PAG ya magari ya kawaida, umeme huanza kuvuja ndani ya kompresa na gari zima hukataa kuwaka. Mwambie kabla hajafungua, na abadilishe hata mipira yake ya gesi yenye mabaki ya oili.

Gari linafika asilimia 25 kisha linazima ghafla.

Seli moja imeoza. Betri nzima hufuata ile iliyo dhaifu kuliko zote. Fungua LeafSpy chaji ikiwa chini ya 30 na mwenzako akikanyaga pedeli mlimani: jozi moja ikizama zaidi ya milivolti 100 kuliko nyingine, ndiyo hiyo. Hubadilishwa moduli yenye seli hiyo, kwa moduli yenye Ah inayokaribiana na zilizopo. Ukiweka mpya kabisa kati ya zilizochoka, hazitaenda sawa.

Kazi hii si ya nyuma ya nyumba. Betri iliyojaa ina karibu volti 400. Plagi ya usalama iliyo kwenye sakafu hutolewa kwanza, kisha dakika 10 za kusubiri kapasita zimalize umeme, na glavu za volti 1,000. Hata plagi ikiwa imetolewa, moduli ndani ya sanduku bado zina umeme wake.

Redio na lugha?

Redio ya Japani inaishia megahezi 95, hivyo vituo vingi vya hapa havishiki hadi ufunge kigeuzi cha masafa au redio nyingine. Ukibadilisha redio, hakikisha kamera ya nyuma inabaki. Maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, jifunze kuyasoma kwa nafasi yake. Kubadilisha dashibodi yenyewe kuna usumbufu kuliko faida.

Likiharibika njiani?

Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendeshwa, hivyo yasiguse lami likivutwa. Omba lori la kubeba, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Leaf haina tairi la akiba, ina dawa ya kuziba tu, ambayo haifai kitu tairi likichanika ubavuni. Tairi la 205/55 R16 kwenye buti linakula nafasi, lakini baada ya Emali utalishukuru. Na kwenye bima kamili, hakikisha betri na kebo ya kuchajia vimetajwa kwa maandishi, kwa sababu kebo iliyoibwa maegeshoni haihesabiwi kuwa sehemu ya gari usipoiandikisha.